Mashine mbili za sukari, majibu mawili: ipi ya kuamini?

Swali: Naishi Langoni, Lamu. Mtaani tuko wanawake saba wenye kisukari. Baada ya Alasiri hukutana kwenye daka la mmoja wetu, tukapima na kujuliana hali. Juzi tulikuwa tumemaliza kumenya maembe, nikatoboa kidole. Tone la kwanza nililiweka kwenye mashine yangu, ikasema 14.2. La pili nikaliweka kwenye ya jirani, ikasema 9.1. Mwenzetu akaniambia niongeze insulini. Sikuongeza, lakini usingizi sikuupata. Ipi inasema kweli? Na kusaidiana hivi, tunakosea?

Jibu: Dada yangu, hongera kwa kutoongeza. Kama sukari yako ilikuwa 9.1, insulini ya kushusha 14 ingeweza kukuangusha usiku, watu wamelala.

Mashine ya nyumbani hailingani na maabara moja kwa moja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha 2013 kinataka majibu 95 katika kila 100 yasipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari ikiwa 5.55 kwenda juu. Kwa hiyo sukari ikiwa 10 kamili, mashine ikisema 8.5 au 11.5 bado iko sawa. Sasa piga hesabu ya zenu: 14.2 inakubalika sukari ikiwa 12.4 au zaidi, na 9.1 inakubalika ikiwa 10.7 au chini. Haziwezi kukubalika zote mbili. Kuna kitu kimeharibu jibu moja, na mimi nashuku kidole kabla ya mashine.

Maji ya embe yakikauka kidoleni hayaonekani, lakini tone la damu ni dogo mno, na sukari hiyo kidogo inatosha kulipandisha jibu. Tone la kwanza ndilo lililoibeba. Spiriti haitoshi kuiondoa. Nawa kwa sabuni na maji, kausha vizuri, kisha pima. Pasipo maji, futa tone la kwanza, upime la pili.

Kama baada ya kunawa mashine bado zinapishana sana, geukia stripu, kile kijikaratasi cha mashine kinachopokea damu. Niliwahi kumtembelea mama mmoja Mkomani ambaye majibu yake yalikuwa hayaeleweki kabisa. Kikopo cha stripu kilikuwa dirishani, kifuniko pembeni, upepo wa bahari unaingia. Nusu ya stripu alikuwa amemtilia dada yake kwenye kifuko cha plastiki, kwa mapenzi tu. Stripu ina kimeng'enya kinachoharibiwa na joto na unyevu, na kile kikopo kimetengenezwa kufyonza unyevu huo. Stripu ikitolewa ikakaa nje, hata kama haijaisha muda, jibu lake si la kutegemea. Toa moja, funika hapo hapo, na andika kwenye kikopo tarehe ya kukifungua, maana stripu nyingi huwa na muda wake mwingine baada ya kufunguliwa.

Hapa ndipo kundi lenu lina faida kubwa. Iko dawa ya maji ya kujaribia mashine: unaweka tone lake kwenye stripu badala ya damu, kisha unalinganisha jibu na kiwango kilichochapwa kwenye kikopo. Kwa mtu mmoja ni gharama. Wenye mashine za aina moja wanaweza kuchanga na kununua chupa moja, na stripu pia, kila mtu na kikopo chake kilichofungwa.

La kutoazimana ni sindano ya kutobolea, pamoja na kile kifaa kinachoishika. Homa ya ini aina ya B imewahi kuenea kwa njia hiyo hiyo. Kalamu ya insulini nayo ni ya mtu mmoja, hata mkibadilisha sindano.

Na dozi asikupangie jirani. Muulize daktari wako. Linalowahusu majirani ni la dharura. Mkiona mwenzenu anatetemeka, jasho linamtoka, na mashine inasema chini ya 4, akiwa bado anaweza kumeza mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni; mkimbizeni hospitali. Leo mkikutana, wekeni kwenye simu zenu zote saba nambari ya mwenye usafiri anayekubali kuamshwa usiku awafikishe hospitali.