Jibu: Acharya Tulsi, mwanazuoni au kiongozi wa jamii?

Ndugu mwanajukwaa, umeuliza kama Acharya Tulsi (1914–1997), kiongozi wa Terapanth, dhehebu mojawapo la Ujaini, dini ya kale ya India, alikuwa mwanazuoni au mwanaharakati wa jamii. Alikuwa vyote viwili, ingawa kwa maoni yangu kazi yake ya kitaaluma, yaani kusimamia uhariri wa maandiko matakatifu ya Kijaini akisaidiana na mwanafunzi wake Mahapragya, haitajwi inavyostahili. Wengi humkumbuka kwa Anuvrat, harakati aliyoianzisha mwaka 1949 ili watu wa dini yoyote waweke nadhiri ndogondogo, kwa mfano mfanyabiashara kuahidi kutochakachua bidhaa wala kupunja mizani. Mwaka 1980 aliunda ngazi ya saman, yaani watawa walio kati ya waumini wa kawaida na watawa kamili, ambao wanaruhusiwa kusafiri kwa magari na ndege kwenda kufundisha ng'ambo, ilhali watawa kamili hutembea kwa miguu, tena peku.