"Evolve" na sangara wa msimu mmoja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani kwenye mwalo mmoja hapa Mwanza. Katika ripoti niliandika "The sangara evolved this season", maana wanaoletwa sasa ni wadogo. Mkubwa wangu amelikata neno hilo. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Amelikata kwa haki. "Evolve" asili yake ni Kilatini, kukunjua kitu kilichoviringishwa, kama jamvi linavyofunguka kidogo kidogo. Ndani yake kuna muda na hatua nyingi. Nadhani kilichokuponza ni "geuka" yetu, ambayo hubeba yote: mtu hugeuka nyuma mara moja, na kiwavi hugeuka kipepeo.

Tena, tukizungumzia viumbe, samaki mmoja hawezi ku-"evolve". Kinachobadilika ni ukoo, kizazi baada ya kizazi. Sangara wakubwa wakivuliwa mkabaki na wadogo, hakuna aliyegeuka; wakubwa wameondoka tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapo hapo kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza: furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Chukua aina mbili kwa majina yao ya kisayansi. Pundamilia pundamilia (ni samaki, si mnyama wa porini), dume lake la buluu, hukaa maji ya juu. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, dume lake lina mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi. Maji yetu yana tope, na kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unavyobaki mwekundu. Macho ya kila furu yamezoea mwanga wa kina chake, na jike humfuata dume ambaye rangi yake anaiona vizuri. Hivyo koo zikaachana polepole. Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo zimetokea aina mia kadhaa za furu. Hapo andika bila hofu: "Furu evolved in this lake." Sangara aliletwa miaka ya 1950, kwa hiyo yeye ni "was introduced".

Kwa mambo ya watu neno linafaa pia, mradi mabadiliko yamechukua miaka: "The landing site evolved into a market." Soko likihamishwa kwa siku moja, sema "moved". Usiandike "We evolved our nets". Nyavu mmezibadilisha wenyewe, basi ni "changed".

Sentensi yako iwe: "The sangara landed this season were smaller."