Vipimo vyote safi, na tumbo bado linauma: yaliyonipata mimi

Dada, umeeleza kwamba tumbo lako halijatulia tangu umalize eda ya talaka, mwaka wa pili huu. Taifodi umepimwa, ameba umepimwa, hakuna kitu, na mwisho daktari akakwambia "ni mawazo tu". Unauliza kama anakuona unajisingizia. Hayo nimeyapitia, wacha nikueleze.

Nakaa Likoni, Mombasa, na kazi yangu iko Mwembe Tayari, ng'ambo ya kivuko. Mwaka 2018 niliharisha vibaya siku tano, nikatibiwa, nikapona. Wiki hizohizo marehemu mama akapata kiharusi, na mimi ndiye niliyekuwa namwinua, namlisha, namgeuza usiku. Tumbo likarudi upya: kusokota chini ya kitovu, gesi, siku mbili choo maji matupu, siku tatu hakuna choo kabisa. Nilimeza dawa za ameba mara tatu, na mara mbili kati ya hizo hakuna aliyenipima choo.

Kilichonitesa zaidi ni feri. Ukishapanda huna pa kukimbilia mpaka ng'ambo. Nikawa naamka saa kumi alfajiri, naenda chooni mara tatu, nne, natoka bila hata chai. Na nikiona tu foleni ya watu imejaa, tumbo linasokota palepale, na sijatia kitu kinywani!

Daktari wa tatu ndiye aliyenisikiliza. Aliniuliza maumivu yalianza lini, huja mara ngapi kwa wiki, yanapungua au kuzidi nikienda choo, na mwaka ule nyumbani kulikuwa na nini. Akaniambia ni IBS, yaani tumbo kuuma na choo kuvurugika kwa muda mrefu bila utumbo kuwa na kidonda. Utumbo una neva zake nyingi mno, na huzungumza na ubongo mchana na usiku. Ukiishi kwa hofu au majonzi, mwili humwaga homoni kama kortisoli, utumbo unakwenda mbio au unakwama, na neva zake zinakuwa kali hata gesi ya kawaida, ambayo mwingine haihisi, wewe inakukata. Kamera ya kuchungulia utumbo haionyeshi hilo kwa sababu hakuna kidonda. Tena mtu akiugua tumbo la kuharisha wakati moyo wake umeelemewa, hatari ya kubaki na IBS huwa kubwa zaidi. Mimi yalinikuta yote mawili kwa pamoja.

Kwa hiyo maumivu ni ya kweli, dada. Wazee wetu waliposema fulani yuko matumbo joto walikuwa wanajua hofu inakaa wapi. Kosa la daktari wako ni lile neno "tu".

Kilichonisaidia kwanza ni daftari. Kila siku niliandika nilichokula, nilivyolala, na lililotokea. Nilikuwa nimeshaacha mbaazi za nazi nikidhani ndizo adui. Daftari likanionyesha kwamba wiki tulivu nakula mbaazi na mahamri na napata gesi kidogo basi, lakini wiki ile ndugu zangu walipogombania kiwanja cha mama, wali mweupe tu ulinipeleka chooni mara tano. Na mara nyingi tumbo halikuchafuka siku ya ugomvi yenyewe, lilichafuka kesho yake au keshokutwa, ndiyo maana nilikuwa nasingizia chakula. Kitunguu saumu kingi, hicho kweli kinanisumbua hata nikiwa na raha.

Daktari pia alinipa amitriptilini, dozi ndogo usiku. Niliposoma kwamba ni dawa ya huzuni nililia, nikaona wananifanya mwendawazimu. Kumbe kwa dozi hiyo hutuliza neva za utumbo. Uingereza waliijaribu kwa wagonjwa 463, matokeo yakatoka 2023, na waliomeza dawa hii walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Usijinunulie mwenyewe, ina madhara yake. Nikaenda pia kwa mshauri nasaha, miezi minne, na huko ndiko nilikomlilia mama kwa mara ya kwanza.

Lakini ukiona damu chooni, unakonda bila sababu, una homa, umepungukiwa damu, au kuharisha kunakuamsha usingizini, usikubali kuambiwa ni mawazo. Rudi upimwe.

Ukirudi kwa daktari, mtajie tarehe ya talaka na tarehe tumbo lilipoanza, uziweke pamoja kwenye karatasi moja. Na hapa utujibu: kabla ya hayo yote, uliwahi kuugua tumbo la kuharisha sana?