Viza Imetoka. Je, Ndiyo Mapenzi ya Mungu?

Kijana mmoja wa kanisa letu kule Voi, Kenya, ameniandikia. Ajenti amempatia kazi ya ulinzi hapa Doha, Qatar, viza imetoka upesi, na sasa anadaiwa shilingi 150,000. Mama yake yuko tayari kuuza kipande cha shamba. Akaniuliza, "Dada, Mungu amefungua mlango. Nikianza kuuliza maswali si itakuwa ni kukosa imani?" Wengi wenu mmeniuliza jambo hilohilo kwa njia nyingine, kwa hiyo namjibu mbele yenu nyote.

Uliza, mdogo wangu. Uliza mpaka ajenti akuchoke.

Naamini kwa moyo wangu wote kwamba Mungu anatawala, Voi na Doha vilevile. Lakini viza ni kibali cha serikali ya Qatar. Kutoka kwake haraka hakumaanishi Mungu amesema nenda, wala kunyimwa hakumaanishi amekukataa. Nimewaona hapa watu walioshuka uwanja wa ndege wakiimba, wakafikia kampuni isiyolipa kwa wakati. Nimewaona pia waliokuja kwa mashaka mengi, na leo wanasomesha wadogo zao. Viza zao zilikuwa za aina moja.

Sasa hesabu. Tangu Machi 2021 sheria ya hapa imeweka mshahara wa chini kuwa riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipotoa malazi na chakula huongeza 500 na 300. Riyali 1,000 ni kama shilingi 35,000. Ukilipwa hizo, deni la ajenti litameza zaidi ya miezi minne hata usipotuma senti nyumbani, na mama atakuwa hana shamba. Tena sheria ya Qatar inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Basi hizo 150,000 ni za nini? Mwulize. Tazama pia kama ajenti huyo yumo kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya NEA, mamlaka ya ajira ya Kenya.

Usidhani sheria ikiandikwa mambo yamekwisha. Tangu 2020 unaweza kubadilisha mwajiri bila ruhusa yake, na pasipoti yako hapaswi kukaa nayo. Hata hivyo wapo wanaonyang'anywa, na wapo wanaoshtakiwa kwamba wametoroka kwa sababu tu walidai haki.

Na kazi yenyewe ni kusimama. Zamu ya saa kumi na mbili ni ya kawaida kwa walinzi, na kiangazi joto hupita nyuzi 45. Ibada yetu kubwa ni Ijumaa, siku ya mapumziko, kule Mesaimeer ambako makanisa yamewekwa pamoja, bila misalaba kwa nje. Mlinzi aliyepangiwa zamu Ijumaa anaweza kukaa miezi bila kuingia. Hilo hakuna ajenti anayelisema, na kwa mtu uliyekulia kwaya kama wewe, litauma kuliko joto.

Kila anayesafiri hutumiwa Yeremia 29:11, ile aya ya Mungu kutuwazia mema. Soma sura nzima. Barua ile iliandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Aya ya kumi inawaambia ni miaka sabini, na kabla ya hapo wanaonywa wasiwasikilize manabii wanaowapa habari tamu. Mungu aliyewawazia mema hakuwaficha urefu wa safari.

Anayeogopa kuuliza, nadhani, anaamini Mungu ana mlango mmoja tu, na ukimponyoka basi maisha yamekwisha. Mimi simjui Mungu wa hivyo. Ukikataa kazi hii kwa sababu mkataba ni mbovu, hujamkimbia. Bado uko mkononi mwake pale Voi. Ukija na mambo yakawa magumu, hajakuacha pia. Sijuti kuja, na sikuombei ubaki.

Mkataba ukifika, nitumie picha ya kila ukurasa kabla mama hajatia saini popote. Na ndugu zako waulizwe. Shamba ni lao pia.