Kampuni Kubwa Ikigawa Msimbo Bure, Inatafuta Nini?

SWALI: Najifunza kuandika programu na kila siku natumia VS Code, programu ya Microsoft ya kuandikia msimbo. Msimbo wake uko wazi na sijawahi kulipa hata senti. Mwenzangu anasema huo ni mtego, maana kampuni hiyo hiyo iliwahi kuiita Linux, mfumo endeshi wa bure wenye msimbo wazi, saratani. Je, wamebadilika kweli?

JIBU: Kuhusu saratani mwenzako yuko sahihi. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alitamka neno hilo mwaka 2001, na sisi tuliokuwa tukitumia Linux lilituchoma. Ila wakati ule riziki ya Microsoft ilikuwa Windows na Office, na seva ikiwekwa Linux, wao wamekosa mauzo. Leo wanakodisha kompyuta kwa njia ya mtandao kupitia huduma yao ya Azure, na wateja wengi humo wanaendesha hiyo hiyo Linux. Mwenye nyumba hagombani na vitanda vya mpangaji. Mwaka 2018 walikubali kuinunua GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na kuufanyia kazi pamoja, kwa dola bilioni 7.5, kwa sababu watengeneza programu wanashinda humo, na hao ndio wanaoamua kazi za waajiri wao ziendeshwe wapi.

Kwa hiyo mimi siulizi kama wanatupenda. Nasoma leseni. Msimbo wa VS Code una leseni ya MIT, huru kabisa, lakini programu unayopakua kwenye tovuti yao ina leseni nyingine, na soko lao la viendelezi, yaani vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, linaruhusiwa kwa bidhaa zao tu. Hapo ndipo walipoweka komeo.

Nayasema haya kwa uchungu. Niliwahi kutumia wikendi nyingi kurekebisha hitilafu za hifadhidata ya kampuni nyingine. Kabla ya kupokea kazi yangu walinitumia mkataba, nikasaini bila kuusoma. Uliwapa ruhusa ya kuitolea leseni yoyote waitakayo. Baadaye wakaufunga msimbo, usiwe huru tena. Hawakuniibia, niliwaruhusu mwenyewe, na bado inaniuma.

Wewe endelea na VS Code, ni chombo kizuri. Siku utakapotaka kuchangia mradi wowote, uliza kwanza hakimiliki inabaki kwa nani. Kwenye Linux kila mchangiaji hubaki na yake, ndiyo maana hakuna kampuni, hata iwe kubwa vipi, inayoweza kuibadilishia leseni peke yake.