Kinga ya bei ya kahawa: mbona ada ni kubwa hivi?

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Rombo. Tumekopa tukawapa wanachama malipo ya awali. Sasa ofisa wa benki anatushauri tununue opsheni, haki ya kuuza kwa senti 280 za Marekani kwa ratili, bei ya soko la kahawa la New York, kwa miezi minne. Leo bei ni 300. Ada ni senti 17.6! Mjumbe wetu mmoja anakumbuka kinga kama hiyo ikiuzwa kwa senti 6 hivi. Je, tunaibiwa? Na anayetuuzia, bei ikianguka si atafilisika?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hamuibiwi, nimepiga hesabu mwenyewe. Mkataba mmoja wa New York ni ratili 37,500, yaani tani 17, magunia 283 ya kilo 60. Mtalipa dola 6,600 kwa kila mkataba, na bei isiposhuka chini ya 280 hela hiyo hamtaiona tena. Najua inauma.

Lakini ada haijali kama bei itapanda au itashuka. Inajali inavyorukaruka. Mtikisiko wa bei ukiwa asilimia 20 kwa mwaka, kinga yenu ni senti 5.6. Ukiwa asilimia 40, ndiyo hizo 17.6. Mjumbe wenu anakumbuka mwaka uliotulia, basi.

Huyo muuzaji naye hakai akiomba dua. Akiwauzia kinga ya mikataba 100, siku hiyo hiyo anauza sokoni kama mikataba 34 ya kahawa ya miezi ijayo, ili bei ikianguka apate humo faida ya kuwalipa nyinyi. Mwezi ukipita na bei ikawa 280, anaongeza hadi 46. Ikipanda, anapunguza. Angalia hapo: anauza bei ikiwa imeshashuka, ananunua ikiwa imeshapanda, kila mara anapoteza kidogo. Ada yenu ndiyo inayofidia hivyo vidogo vidogo, ndiyo maana mwaka wa misukosuko inakuwa ghali. Hesabu hiyo waliiandika Fischer Black na Myron Scholes mwaka 1973, na Robert Merton akaikamilisha.

Je, anaweza kufilisika? Anaweza, bei ikiruka badala ya kutembea. Tarehe 19 Oktoba 1987 waliokuwa wakikinga hisa kwa kuuza kadiri zinavyoshuka walikuta kila mtu anauza, na soko la hisa la New York likaanguka zaidi ya asilimia 22 siku moja.

Mimi niliyaona kwa kahawa. Mwaka 1994 nilikuwa karani kwa mnunuzi mmoja pale Moshi. Tajiri wangu alimwandikia mteja wa Ulaya: bei hii ni yako siku 60, ukitaka chukua, usipotaka acha. Hakumtoza hata senti. Tajiri wa watu hakujua kwamba ametoa opsheni bure! Mwanzoni mwa mwaka huo bei ilikuwa chini ya senti 80. Baridi kali ikaunguza mibuni Brazil, na Julai bei ikapita 200. Mteja akachukua, bila shaka. Kufikia Krismasi nilikuwa natafuta kazi nyingine.

Sasa nyinyi. Msikinge mavuno yote, kingeni kilo ambazo mmeshazilipia kwa hela ya benki. Na kwa nini 280? Tafuteni bei ambayo ikishuka chini yake mkopo haulipiki. Ikiwa ni 250, ada inashuka hadi senti 7.6, chini ya nusu. Wanachama watanung'unika kwamba kinga ni hafifu, lakini kazi yake ni kuokoa chama, faida watafute mnadani.

Kumbukeni pia kwamba mnakinga bei ya New York tu. Mnada wa Moshi ukiwapa pungufu kwa sababu kahawa ni ya daraja la chini, opsheni haiwajui. Shilingi ikipanda dhidi ya dola, vivyo hivyo.

Kabla ya kusaini, mwulize ofisa mwezi wa mkataba. Opsheni ya Desemba hufa Novemba. Kama kahawa yenu itafika mnadani Januari, mwambie akuletee ya Machi, hata kama ada itaongezeka.