Maswali ya Wasomaji: Derivativu na Grafu kwenye Maxima

Mezani tuna maswali matatu, yote kuhusu Maxima, programu huria ya hesabu za alama (hesabu zenye herufi kama x, si namba tu) iliyotokana na Macsyma ya chuo cha MIT, Marekani.

Swali: Nimeandika f(x) := x^3 - 6*x^2 + 9*x; kisha g(x) := diff(f(x), x); Nikiita g(x) napata jibu sahihi, lakini g(2) inaleta kosa. Kwa nini? (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Dodoma)

Jibu: Kosa limetokana na alama :=. Alama hiyo huhifadhi upande wa kulia kama ulivyoandikwa, bila kuukokotoa. Ukiita g(2), Maxima huweka 2 kila palipo na x, na amri inageuka kuwa diff(f(2), 2). Hapo unaiomba itafute derivativu (kasi ya mabadiliko ya f) kwa kufuata 2, na 2 si kigeu.

Andika hivi:

define(g(x), diff(f(x), x));

Amri ya define hukokotoa kwanza, ikapata 3x² − 12x + 9, ndipo ihifadhi. Sasa g(2) ni −3. Endelea na solve(g(x)=0, x); utapata x = 1 na x = 3. Derivativu ya pili, diff(f(x), x, 2), ni 6x − 12: kwenye 1 inatoa −6, kwa hiyo pale ni kilele chenye kimo 4; kwenye 3 inatoa 6, nalo ni bonde linalogusa mhimili wa x. Chora f na g pamoja kwa wxplot2d, amri ya grafu ya wxMaxima (dirisha la kutumia Maxima):

wxplot2d([f(x), g(x)], [x, -0.5, 4.5], [y, -8, 12]);

Angalia g inapokata mhimili wa x: ni palepale f inapogeuka. Picha hiyo, kwa maoni yetu, inafundisha maana ya derivativu kuliko kurasa nyingi za kanuni.

Swali: Grafu ya tan(x) kutoka −5 hadi 5 inatoka bapa, yenye mistari mirefu ya wima. (Mwalimu, Mombasa)

Jibu: Karibu na x = 1.571, yaani π/2, thamani za tan ni kubwa mno, na mhimili wa y hunyooshwa ili zote zienee. Weka mipaka: wxplot2d(tan(x), [x, -5, 5], [y, -6, 6]);

Mistari ya wima inaweza kubaki. Programu hukokotoa nukta nyingi na kuziunganisha kwa mstari. Nukta moja iko juu sana kushoto kwa 1.571, inayofuata iko chini sana kulia kwake, basi mstari unapita katikati. Si sehemu ya grafu, wala programu haikukusudia kuchora asimptoti (mstari ambao grafu huukaribia bila kuugusa). Wanafunzi wasiinakili kwenye daftari. Ukiongeza [style, points] zitabaki nukta tupu.

Swali: Kwa nini diff(e^x, x) inanipa e^x*log(e)? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Kwa Maxima, e ni herufi tu, si ile namba e (takriban 2.718). Andika %e^x, vivyo hivyo π ni %pi. Na log humaanisha logi asilia, yaani ya msingi wa e; ya msingi wa 10 ni log(x)/log(10). Ukiintigreti 1/x (kinyume cha kutafuta derivativu) utapata log(x) bila alama ya thamani kamili, |x|; kama x inaweza kuwa hasi, tanguliza logabs: true, upate log(abs(x)).